Siku 3 hazimtoshi baba

Mhariri,

Natengeneza programu za kompyuta, na kupiga picha ndiyo raha yangu. Mwezi uliopita tumejaliwa mtoto wa kike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhakikishia baba likizo ya siku 3 tu. Jirani zetu Kenya wanapewa wiki 2. Siku 3! Kitovu hakijadondoka, mama mtu hata kuinama hajaweza. Mimi angalau nafanyia kazi nyumbani: nachapa kwa mkono mmoja, binti kalala kifuani, na akipiga miayo nampiga picha kwa mwanga wa dirishani, bila flashi. Dereva wa daladala au mlinzi atayaona saa ngapi haya? Waheshimiwa wabunge, tuongezeeni siku.

Baba wa mtoto mmoja,
Tabata, Dar es Salaam