Zuhura, nimeuza mali ya mtu?

Mombasa, Jumapili usiku

Kwa somo yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Hujambo? Shemeji na watoto? Na baridi ya Leicester? Huku sote wazima, goti la Bi Mkubwa limetulia, alhamdulillahi. Tangu Mfunguo Tatu sijakuandikia, na leo nakuja na shida. Niwie radhi, mwenzangu, moyo umenielemea.

Ni habari ya abaya. Nyeusi, yenye taraza ya fedha mikononi, nami nilibakiwa na hiyo moja tu. Jumatano usiku niliitandaza kitandani, nikaipiga picha, nikaandika "Sh 6,500, imebaki moja", nikaiweka WhatsApp, nikalala. Saa sita kasorobo mteja wa Malindi akaandika: "Nimeichukua. Pesa asubuhi." Simu iko chini ya mto. Baada ya Alfajiri, hata sijaishika, Nuru akabisha hodi. Ana safari ya ghafla, unamjua Nuru. Akaivaa palepale ukumbini, akageuka mara mbili mbele ya kioo, akanihesabia noti, akaenda zake nayo. Ndipo nikafungua simu. Nilipomweleza yule mama wa Malindi hakunitukana. Aliniandikia maneno matatu: "Umeuza mali yangu."

Siku ya nne leo maneno hayo yananizunguka kichwani.

Swaleh anasema nisijitese. Kwa sheria ya serikali, picha na bei ni kumwita mtu aje anunue, bado hujamuuzia. Nikakumbuka uliponisimulia kesi ya Boots ya 1953, ya lile duka la dawa la London: dawa iko rafuni, mteja akiifikisha kwa keshia ndipo anapotoa ofa yeye, na keshia anaweza kukataa. Na Sheria ya Mikataba yetu ya Kenya, Sura ya 23, imefuata hiyohiyo ya Waingereza. Basi yule mama ndiye aliyetoa ofa, mimi nimelala sijakubali lolote, Nuru kanunua kihalali. Hivyo ndivyo asemavyo Swaleh, na sioni pa kumkosoa.

Lakini korti siiogopi, Zuhura. Naogopa dhima mbele ya Mola.

Hebu nisikilize upande wa pili, nikikosea unisahihishe. Wapo wanazuoni wa leo wanaosema bidhaa ikionyeshwa pamoja na bei yake, hiyo yenyewe ni ijabu, yaani ofa ya muuzaji. Na Baraza la Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, la Jeddah, katika azimio lao la 52 la mwaka 1990, walisema watu wasiokuwa mahali pamoja wakiandikiana, hata kwa kompyuta, mkataba hufungika pale ijabu inapomfikia mwenzio naye akakubali. Yaunganishe hayo mawili. Ijabu yangu ilimfikia Malindi. Naye hakusema "nitaichukua", ambayo ingekuwa ahadi tu. Alisema "nimeichukua", tamko la wakati uliopita, lilelile tulilokaririshwa chuoni: nimekuuzia, nimenunua. Maana yake mauzo yalifungika saa sita kasorobo, mimi nakoroma, na asubuhi nikampa Nuru kitu ambacho si changu tena!

Picha ile ile, maneno yale yale. Kwa Waingereza sijafanya lolote, na kwa fiqhi huenda nimeuza mali ya mtu. Na kwa Kadhi hatuna pa kwenda: Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, biashara haimo. Kwa hiyo limebaki baina yangu na yule mama, na Mola wetu.

Kuna na lingine, nalo linanitia hofu zaidi kwa sababu Ramadhani inakaribia na oda zimeanza. Zile abaya za Deira, kule Dubai, naziuza kwa picha za yule mfanyabiashara wa kule, mimi sina hata moja mkononi. Nachukua nusu ya pesa, nusu mzigo ukifika. Darsani tulisomeshwa hadithi ya Hakim bin Hizam, Mtume (s.a.w.) alipomwambia asiuze asichokuwa nacho, nikajihisi kama nimetajwa jina. Nikauliza kuhusu salamu, ile biashara ya kulipa kwanza na mali ije baadaye. Nikajibiwa: sifa zijulikane, kipimo kijulikane, muda ujulikane, na pesa zote zitolewe palepale kwenye kikao. Nusu yangu haitoshi. Sasa nafikiria uwakala: mteja aniwakilishe, nimwambie bei ya Deira ilivyo, na ujira wangu Sh 500 ajue ni wangu. Faida itapungua, najua. Bora nilale.

Nimeandika masharti ya kuweka juu ya kila picha. La kwanza: "Picha hii ni mwaliko tu. Mauzo yanafungika nikikujibu: nimekuuzia." Nadhani hilo linakaa sawa kwa sheria zote mbili, lakini wewe ndiye uliyesoma kote. Nakuomba uyapitie, hata kama ni usiku watoto wakilala.

Na unijibu haya. Sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, tuna khiyari ya kikao, muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajaachana. Sasa kikao cha WhatsApp huisha lini? Akifunga simu? Akilala? Kesi ya Entores ya 1955, ile ya teleksi, mashine ya zamani ya kupelekeana maandishi, ilisema kukubali hukamilika kunakopokelewa: je, vitiki viwili vya kijivu ni kupokelewa, au mpaka nisome? Huko kwenu mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kurudisha tangu mzigo umfikie. Nami nikimpa mteja siku tatu tu, hiyo si khiyari ya sharti, hiari ya kurudisha inayowekwa kwa makubaliano? Na yule mama, hakuwa amelipa hata shilingi: nimtafutie abaya mfano wa ile kwa bei ileile, au nimwendee Nuru nimwombe airudishe? Ungekuwa mimi ungebisha hodi kwa Nuru?

Nijibu kabla ya Ijumaa. Nimemwambia yule mama anipe mpaka siku hiyo, naye amekubali.

Wako,
Rukia