Kwako Fundi: kuhusu maktaba ya C na bodi yako mpya

Sinza, Dar es Salaam

Kwako Fundi,

Salamu kwanza. Shuleni tulifundishwa kuanza na "mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu uliye mbali nami", basi hesabu kwamba nimeshaandika. Ni mzima kweli, isipokuwa macho. Wiki tatu nimekodolea skripti ya linka (ile inayounganisha vipande vya msimbo kuwa programu moja) mpaka shemeji yako akaniuliza kama kuna mwanamke humo ndani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema bodi imewaka, taa inakonyeza kila sekunde kama ulivyotaka, na sasa unataka `printf`, ile funksheni ya C ya kuchapa maandishi, ifanye kazi kama inavyofanya kwenye laptopu. Umepakua newlib, maktaba ya C ya bodi ndogo, ukaisanidi, ikakompaili bila kulalamika, na ukaziba mapengo ya linka kwa kuandika funksheni zake zote zilizokosekana ndani ya dakika kumi. Halafu kwenye waya hakitoki kitu. "Mbona hii ni C ya kawaida tu?" Nilicheka, lakini si kwa dharau. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, na jibu lake liligharimu trei mbili za mayai. Nitafika huko.

Ila karibu na mwisho, wakati unaaga, ulisema neno ambalo wewe ulilipita tu na mimi likanisimamisha: kwamba ukiiacha bodi ikiendelea, baada ya dakika tatu na nusu hivi "sawa, sawa, sawa" zinamwagika skrini nzima kwa mkupuo, kisha kimya tena. Hapo ugonjwa ulijitaja jina wenyewe.

Fanya hesabu nami. Programu yako inachapa `sawa` na alama ya mstari mpya kila sekunde. Herufi nne na hiyo moja, baiti 5. Bafa ya newlib, ile kumbukumbu inayokusanya herufi kabla ya kuzitoa, usipoiambia vingine, ni ya baiti 1024. Gawanya 1024 kwa 5, unapata sekunde 205 hivi, yaani dakika tatu na sekunde ishirini na tano. Maktaba haijakataa kuchapa, Fundi. Inajaza ndoo kwanza.

Inajaza ndoo kwa sababu ilikuuliza swali ukaijibu ovyo. Kabla ya kutoa herufi ya kwanza inaita `_fstat` kuuliza: hii namba 1 ninayoandikia ni kitu cha namna gani? Ikiambiwa ni kifaa cha herufi, inaita na `_isatty` kuuliza kama upande wa pili kuna mtu anayesoma. Akiwepo, kila mstari ukiisha inaumwaga. Ikisikia jibu jingine lolote, inaweza kudhani inaandika faili la diski, na kwenye diski ubahili wa namna hiyo ni akili. Nina hakika `_fstat` yako inarudisha -1 (yaani imeshindwa), maana ndivyo tunavyoziandika wote zile tusizozielewa ili linka inyamaze. Weka hivi: `st->st_mode = S_IFCHR; return 0;` na `_isatty` irudishe 1. Ni uongo, ndiyo, lakini ni uongo unaoelekea. Kuna watakaokwambia ubandike `setvbuf` mwanzoni mwa `main` uzime bafa kabisa. Itafanya kazi. Mimi siipendi, kwa sababu inaficha kwamba swali liliulizwa na likajibiwa vibaya, na maktaba hii ina maswali mengine.

Ichukulie kama mpangaji. Kwenye Linux amezoea nyumba ambayo keneli, kiini cha mfumo endeshi, ni mwenye nyumba: maji yapo, umeme upo, hata hodi hapigi. Umemhamishia kwenye banda lako tupu na bado anauliza yaleyale. Waliotunga kiwango cha C cha 1989 walilijua hili, ndiyo maana walitenganisha mazingira kamili na mazingira matupu, na kwa yale matupu waliahidi vichwa vinne tu: `float.h`, `limits.h`, `stdarg.h` na `stddef.h`. Vifungue uone, humo hamna funksheni hata moja ya kuchapa herufi. `printf` kwenye bodi isiyo na mfumo endeshi ni hisani, na mwenye kuilipia ni wewe. Newlib yenyewe ilizaliwa katika kampuni ya Cygnus Support mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya mabanda kama hayo, kwa hiyo maswali yake ni machache, na ya kawaida ni haya: `_write`, `_read`, `_close`, `_lseek`, `_fstat`, `_isatty`, `_sbrk`, `_getpid`, `_kill`, `_exit`. Mengi unayamaliza kwa mstari mmoja. `_getpid` irudishe 1 ingawa hakuna prosesi hata ya dawa. `_kill` iweke `EINVAL` kwenye `errno` (panapowekwa namba ya kosa la mwisho) irudishe -1. `_exit` izunguke milele, maana utoke uende wapi? Yanayotaka kichwa ni matatu: `_write` inayotoa herufi, `_fstat`, na `_sbrk` inayogawa kumbukumbu.

Sasa mayai. Unakumbuka ile mashine ya kutotoleshea vifaranga niliyomtengenezea mama mmoja wa Kibaha? Chipu ni STM32F103, ile ya bodi ndogo ya bluu, flashi kilobaiti 64 na RAM kilobaiti 20. Toleo la kwanza niliijenga newlib mwenyewe kwa `--target=arm-none-eabi` na basi, sikugusa swichi nyingine. Ikalinki vizuri ajabu. Haikuniuliza `_write` wala nini. Nikajiona fundi, nikadhani yale maswali ni ya watu wengine.

Kumbe newlib ya ARM, usipoizuia, inakuja na majibu yake mfukoni. Badala ya kuandika kwenye UART, mlango wa chipu wa kutoa herufi kwa waya, inatekeleza agizo la `BKPT 0xAB`, ambalo linaisimamisha chipu na kumwomba debaga (chombo cha kuchunguza makosa), aliye upande wa pili wa kebo, achape kwa niaba yake. Mezani kwangu debaga alikuwepo muda wote, kwa hiyo siku mbili nzima nilisoma joto kwenye skrini nikiridhika. Siku ya tatu nikachomoa kebo, nikafunga boksi kwa skrubu nne, nikapanda daladala. Bila debaga agizo lilelile ni ajali: chipu inaangukia kwenye HardFault na kubaki humo. Na mstari wa kuwasha hita, kwa akili zangu, ulikuwa juu ya `printf` ya kwanza. Hita ikawaka, chipu ikafa, hakuna wa kuizima.

Mama alinipigia saa kumi na moja alfajiri. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama nimeshakunywa chai, maana mayai sitini ya kuchemsha yako tayari.

(Najua, nilipaswa kuwasha ile saa ya ulinzi ya chipu, inayoiwasha upya ikiganda. Usinisimange, shemeji yako ameshanisimanga ya kutosha.)

Kwa hiyo swichi ya kwanza kwako ibaki `--disable-newlib-supplied-syscalls`. Hiyo inamnyang'anya mpangaji majibu ya mfukoni, na ndiyo maana linka inakulilia majina yasiyopatikana moja baada ya jingine. Mwache alie. Kila jina analolilia ni kitu ambacho bila hivyo kingejibiwa nyuma ya mgongo wako. Ukishamaliza, ongeza `--enable-newlib-nano-malloc`, `--enable-newlib-nano-formatted-io` na `--enable-newlib-reent-small`, kwa sababu kilobaiti 20 si za kuchezea. Na jengea kwenye folda tofauti na ile ya msimbo, usichanganye, utakuja kunishukuru siku utakapotaka kufuta na kuanza upya.

Hizo za nano zina kijimtego kimoja. Baada ya kuziweka, mashine yangu iliandika `Joto:  C`. Nafasi tupu katikati, hakuna namba. Nilibadilisha kipima joto, nikabadilisha waya, nikamlaumu muuzaji wa Kariakoo. Kumbe `printf` ya nano haibebi uchapaji wa namba za desimali mpaka umwambie linka `-u _printf_float`. Bila hiyo `%f` inameza thamani na kukaa kimya. Siku hizi sijisumbui nayo. Joto nalihesabu kwa sehemu za kumi, 375, na nukta naiweka mwenyewe kwa `%d.%d`. Flashi inabaki na nafasi.

Kuhusu mwanzo wa programu, wewe unajua: neno la kwanza la jedwali la vekta ni kilele cha staki (kumbukumbu ya muda ya funksheni), la pili ni anwani ya kuanzia, kisha unanakili `.data` (vigeu vyenye thamani ya kuanzia) kutoka flashi kwenda RAM, unafuta `.bss` (vigeu visivyo nayo) kuwa sifuri, unaita `__libc_init_array`, ndipo `main`. Ninachokuomba ni usiruke ule ufutaji wa `.bss` kwa kuwa "hakuna kilichoharibika". `_sbrk` ya kwenye mwongozo ina pointa tuli `heap_end`, na inajua ni mara yake ya kwanza kuitwa kwa sababu pointa hiyo ni sifuri. Ukiacha takataka humo, `malloc` ya kwanza itakupa kipande cha kumbukumbu cha huko isikojulikana, na `printf` ndiyo itakayokuwa ya kwanza kukiomba, kwa ajili ya ile ndoo yake.

Hiyo `_sbrk` ndiyo ninayokuhofia zaidi, maana umesema mwezi ujao unaweka FreeRTOS, mfumo endeshi mdogo unaoendesha kazi kadhaa kwa zamu. Ya mwongozo inalinganisha mwisho wa hipu (kumbukumbu anayogawa `malloc`) na pointa ya staki: hipu inapanda kutoka chini, staki inashuka kutoka juu, zikikutana inapiga kelele na kujiua. Kwenye programu ya uzi mmoja mantiki hiyo inatosha. Ukishaweka FreeRTOS, kila kazi ina staki yake, na staki hizo kwa kawaida zimekatwa kutoka kwenye safu iliyomo ndani ya `.bss`, chini ya pale hipu ya newlib inapoanzia. Kwa hiyo ukiwa ndani ya kazi, pointa ya staki iko chini ya hipu hata kabla hujaomba baiti moja. `_sbrk` inaona mgongano usiokuwepo. Na ubaya wake ni kwamba ukiita `malloc` kabla ya kuwasha ratiba ya kazi inakubali, kwa sababu hapo bado uko kwenye staki kuu, juu kabisa ya RAM. Nilipoteza Jumamosi mbili nikisema "lakini asubuhi ilifanya kazi". Dawa ni ndogo: tangaza kikomo cha hipu kwenye skripti ya linka, `_sbrk` ilinganishe na kikomo hicho, isahau kabisa pointa ya staki. Ongeza `__malloc_lock` na `__malloc_unlock` zako mwenyewe ili kazi mbili zisigombanie hipu, na kwenye usanidi wa FreeRTOS weka `configUSE_NEWLIB_REENTRANT` kuwa 1 ili kila kazi iwe na `errno` yake.

Umeuliza pia kama ungeanza na picolibc, ile ya Keith Packard. Kama ningekuwa naanza leo, pengine ndiyo. Ni newlib iliyochanganywa na stdio (sehemu ya kusoma na kuchapa) ya maktaba ya chipu za AVR: unaipa funksheni moja ya kutoa herufi moja, unaitangaza kuwa `stdout`, na `printf` haihitaji `malloc` hata kidogo. Inajengwa kwa chombo cha Meson, hakuna ule msitu wa `configure`. Lakini umeshafika katikati ya mto, vuka kwanza. Na kwa kuwa chipu yako ni Cortex-M, mambo mazito yalishafanywa na wengine: `setjmp` imeandikwa, mpangilio wa baiti umetajwa kwenye `ieeefp.h`. Ingekuwa kichakataji ulichokibuni mwenyewe, hii barua ingekuwa kitabu.

Ukibadilisha `_fstat`, nitumie faili la map la linka (orodha ya kila kilichoingia kwenye programu), si picha ya skrini, tafadhali, bali faili lenyewe. Nataka kuona `_sbrk` iliyoingia ni yako na siyo ya mtu mwingine.

Yule mama alinipa trei nyingine, sijui kwa huruma au kwa ukaidi. Leo ni siku ya 18, tumeacha kuyageuza, tunasubiri ya 21. Kebo imechomolewa toka siku ya kwanza, na jana jioni alinitumia picha ya kijiskrini: `Joto: 37.5 C`.

Msalimie mama Mwanza, mwambie dagaa zilifika.

Ni mimi swahiba wako,
Mzee wa Mayai