Wahadhiri, subirini kidogo kabla ya kuteua wa kujibu

Mhariri,

Elimu jumuishi, yaani isiyomwacha nje mwanafunzi yeyote, ikitajwa vyuoni, mazungumzo huishia kwenye njia za viti vya magurudumu. Njia hizo ni za lazima. Lakini mwanafunzi akishaingia ukumbini, mhadhiri mwenyewe anaweza kumwacha nje asijue.

Chukua maswali ya darasani. Miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alichapisha vipimo vya muda ambao walimu wa shule husubiri baada ya kuuliza: kwa kawaida sekunde 1, au pungufu. Waliposubiri sekunde 3, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakachangia. Mhadhiri anaweza kujipima kwa kurekodi kipindi chake kwa simu.

Sekunde moja inamtosha aliyeizoea lugha ya kufundishia na asiye na haya. Anayetafsiri kichwani hata swali lenyewe hajalimaliza. Basi liandike ubaoni, ulisome, wape dakika moja kila mtu aandike jibu lake, kisha dakika mbili wajadiliane wawili wawili, ndipo uteue. Dakika ya kuandika isirukwe: bila hiyo, mwenye sauti kubwa hutoa jibu na mwenzake huitikia tu. Muda utaliwa, ni kweli. Uliza maswali mawili mazito, uache yale kumi mepesi. Na "mmeelewa?" liachwe kabisa, maana ni nani atajibu "hapana" mbele ya ukumbi mzima?

Vitini, yaani maandishi ya somo wanayogawiwa wanafunzi, vina mtego wake. Kurasa zilizopitishwa kwenye skana ni picha tupu, kwa hiyo programu inayomsomea asiyeona haipati hata neno. Toa faili ya maandishi halisi. Ukitumia programu ya kutambua maandishi, hakiki majedwali na fomula, kwani huko ndiko inakokosea zaidi. Ukieleza mchoro, "kama mnavyoona hapa" haimfai asiyeuona. Sema mstari upi unapanda na unaanzia wapi. Wala usiongee huku umeugeukia ubao, maana anayesoma midomo atabaki na kisogo chako.

Katika kusahihisha, maliza swali la kwanza kwa wanafunzi wote ndipo uende la pili, majina yakiwa yamefichwa. Anayesahihisha kijitabu kizima cha majibu kwa mkupuo huruhusu jibu zuri la mwanzo lilibebe bovu la mwisho, na mwanafunzi aliyeanza vibaya huadhibiwa hadi ukurasa wa mwisho.

Mkufunzi wa mbinu za ufundishaji