Dafu si la kila mgonjwa

Mhariri,

Huku kwetu Pwani, mtu akiugua, wanaokuja kumjulia hali hufika na madafu. Nawasihi wasomaji: kama mgonjwa ana tatizo la figo, ulizeni kwanza, maana dafu lina madini mengi ya potasiamu.

Mama yangu husafishwa damu kwa mashine. Mwezi uliopita majibu ya maabara yalionyesha potasiamu 6.4, ilhali kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Yeye alikuwa akilalamika miguu kukosa nguvu, basi. Daktari hakungoja, akaagiza apimwe moyo papo hapo, kwa sababu potasiamu ikizidi huvuruga mapigo na yaweza kuusimamisha moyo. Figo zenye afya huitoa kwenye mkojo. Zikichoka, hubaki kwenye damu.

Ndizi, viazi, mchicha na maharage navyo vina potasiamu nyingi. Viazi vya mama tunavikata vidogo, tunavichemsha kwa maji mengi, tunayamwaga, ndipo tunaviunga. Lakini kinachonitisha zaidi ni chumvi mbadala wanayosifiwa wenye presha. Nyingi ni kloridi ya potasiamu, na watu huinunua wakidhani wanajikinga.

Anayeharisha, au anayemeza baadhi ya dawa za kukojoza, anaweza kupungukiwa potasiamu, kwa hiyo ushauri wa jirani hautoshi. Kliniki zitoe karatasi ya vyakula kwa Kiswahili. Tuliyopewa sisi ilikuwa ya Kiingereza, na mama hakijui.

Mwenye kuuguza,
Temeke, Dar es Salaam