Uchovu wa Parkinson usiitwe uvivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie uchovu wa wagonjwa wa Parkinson. Wengi wetu tunautambua ugonjwa huu kwa mkono unaotetemeka na mwendo wa kuinama mbele, dalili ambazo daktari James Parkinson wa London alizieleza mwaka 1817. Hata hivyo, takriban nusu ya wagonjwa husumbuliwa pia na uchovu mzito usioondoka kwa kulala, na kwa baadhi yao huanza hata kabla ya mtetemeko.

Shangazi yangu aliuza dagaa Mwaloni, Kirumba, kwa miaka mingi. Siku hizi, hata akilala usiku kucha, akishafunga vifungo vya gauni hulazimika kujilaza tena kabla ya kunawa uso, na chai humpolea mezani. Kwa kuwa dawa imetuliza mkono wake, majirani wanaomwona amekaa tu barazani husema anadeka, na wapo walioanza kunong'ona habari za kurogwa. Alipolalamika hospitalini aliambiwa ni uzee, akapangiwa tarehe nyingine.

Jibu hilo halitoshi. Ugonjwa huu huua chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, na uchovu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Ni kweli kwamba hakuna kidonge kilichothibitika kuumaliza uchovu huo, na levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ambayo husaidia sana kulegeza viungo vilivyokakamaa, si kila mara humwondolea mgonjwa uchovu. Lakini upungufu wa damu, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, usingizi wa kukatikakatika na hata dawa nyingine anazomeza vinaweza kuuzidisha, na yote hayo daktari anaweza kuyachunguza. Mazoezi ya kiasi nayo huwasaidia baadhi, ingawa kumhimiza mtu aliyechoka namna hiyo kunataka busara. Tena sisi wa kando ya ziwa tukumbuke kwamba levodopa ikimezwa pamoja na mlo wa sato au maharage, protini huweza kuizuia isifyonzwe vizuri. Ni vyema kumuuliza daktari saa ya kuimeza.

Nawaomba matabibu wa Mwanza, wanapomtaka mgonjwa anyooshe mikono ili waone mtetemeko, wamuulize pia ni kazi gani za nyumbani zimemshinda kwa kuchoka, na majibu yake wayaandike kwenye faili.

Msomaji wako,
Igoma, Mwanza