Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kifaa kitoke chuoni Kasapa, kifike dukani

Ndugu wanamemba, baba na mama mliofika,

Hesabu ya fedha atawasomea mweka hazina, na orodha ya wanamemba wapya iko kwa katibu. Mimi nitakaa kwenye jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: kwa nini kifaa kinachopigiwa makofi siku ya kutetea memuari (kazi ya kumalizia masomo) kinakwama kabla ya kufika sokoni.

Nichukue mfano wa mlinzi wa friji, kwa kuwa hakuna mtaa wa Lubumbashi usiokihitaji. Kifaa hiki kinakata kuran (umeme) volti zikishuka chini ya 185 au zikipita 250, kisha kinangoja dakika 3 hadi 5 kabla ya kuirudisha. Kungoja huko si urembo. Kompresa ikizimika, gesi inabaki na shinikizo kubwa upande mmoja. Ikiwashwa papo hapo, mota inashindwa kuzunguka, inavuta ampea nyingi na kujichoma.

Maabarani kifaa hicho hupimwa kwa balbu ya wati 100, na kinafaulu. Nyumbani kompresa inapoanza huvuta mara 5 hadi 8 ya ampea zake za kawaida, na midomo ya relei, swichi inayokata kuran, inaungana kwa joto. Relei iliyoungana haikati tena: taa nyekundu inasema kuran imekatwa, huku friji ikiendelea kumeza volti 270. Ile «10 A» iliyochapwa juu ya relei ni ya mzigo usiorusha ampea unapoanza, kama pasi. Kwa mota, tafuteni kipimo cha mota katika karatasi ya mtengenezaji, na mtakuta ni kidogo zaidi. Kwa friji ya kawaida tunashauri relei ya 30 A, na ijaribiwe kwa kuwasha na kuzima kompresa halisi mara elfu kadhaa. Balbu ibaki darini.

Halafu nyutro, waya wa kurudishia kuran. Waya huo ukikatika au kulegea mtaani, nyumba yaweza kupokea hadi karibu volti 380, tena kwa dakika nyingi. Varista ya volti 275, kipuri cha kuzuia pigo la radi, haikuundwa kuvumilia hali hiyo: inapasuka na kuwaka. Wekeni ya 420, fyuzi itangulie mbele yake, na kisanduku kiwe cha plastiki isiyoshika moto. Transfoma ndogo ya 220 inayolisha saketi nayo itaungua, kwa hiyo chagueni kilisha-umeme cha ndani kinachovumilia volti 400. Mwanafunzi haoni haya yote kwa sababu meza yake inalishwa kupitia stabilaiza, inayosawazisha volti. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kosa la tatu ni la polepole. Kapasita (kipuri kinachotunza umeme kidogo ndani ya saketi) iliyoandikwa maisha ya saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongeza maisha mara mbili kila joto linaposhuka nyuzi 10. Kwa nyuzi 65 mnapata saa 32,000, zaidi kidogo ya miaka mitatu na nusu. Kwa nyuzi 75, ndani ya kisanduku kisicho na tundu kilichobanwa nyuma ya friji, zinabaki 16,000, yaani hata miaka miwili haijatimia. Anayeandika garanti ya miaka miwili juu ya kapasita hiyo ameshajitia deni.

Ndiyo maana kamati imeamua hivi, na najua uamuzi huu haukuwafurahisha wote: chama hakitaandika barua ya kumsindikiza mwanamemba kwa mfadhili mpaka vifaa 10 vimekaa miezi 3 katika nyumba za watu wasio jamaa zake, na angalau mwezi mmoja uwe wa mvua. Jamaa anakuvumilia, mgeni anakurudishia kifaa siku ya pili akieleza kinachonuka. Kila kifaa kiwe na namba, na kila hitilafu iandikwe: tarehe, kipuri kilichokufa, volti zilizopimwa ukutani.

Baada ya 10 ndipo 100. Hapo bado si wakati wa moldi. Moldi ya chuma ya kumimina plastiki hula maelfu ya dola, na ukikosea tundu moja unalipa tena. Nunueni visanduku vilivyo tayari, mvitoboe kwa kielekezi cha bati ili matundu yalingane. Kila kipuri kiwe na mbadala wake kwenye orodha. Uhaba wa chipu wa 2020 hadi 2022 uliwafundisha hata wenye viwanda vikubwa. Kabla ya kufunga kisanduku, kifaa kipimwe kwa volti 180, 220 na 260, kisha kifanye kazi chini ya mzigo saa 24. Solda mbovu nyingi hujitokeza katika saa hizo.

Kuhusu bei, wanamemba wengi huhesabu vipuri peke yake. Tuseme vipuri ni dola 12. Ongezeni usafiri na duane (ushuru wa forodha) hadi mpakani Kasumbalesa na kuvuka, 4. Kuunganisha na kupima, 3. Kasha na karatasi ya maelezo, 1.50, akiba ya garanti, 1.50. Mmefika 22 bila faida. Mkiuza kwa mwenye duka kwa 31, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% inaifanya karibu 36, naye ataweka 45. Kama mteja wa mtaani Katuba hafiki 45, punguzeni vipuri kwenye mchoro, msipunguze majaribio. (Shaba yetu inavuka mpaka ikiwa mabamba na kurudi ikiwa waya wa transfoma. Nani alipe safari zote mbili? Sisi.)

Karatasi. Sheria ya umiliki wa viwandani ya 7 Januari 1982 inataka uvumbuzi uwe mpya, kwa hiyo ombi la breve, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, litangulie siku ya kutetea. Mkishaueleza mbele ya hadhara, upya wake umeingia hatarini. Makubaliano na chuo kikuu yaandikwe mapema: nani mwenye mchoro, nani mwenye programu, profesa anapata sehemu gani, na maabara italipwaje. Marekani walilitatua kwa sheria mwaka 1980, waliporuhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliotoka kwenye fedha za serikali. Hapa kwetu inabidi kila mtu ashike kalamu yake. Kifaa chenye redio au laini ya simu kipite pia kwa ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano ya simu. Kampuni yenyewe ni rahisi: tangu nchi iingie OHADA, umoja wa sheria za biashara Afrika, mwaka 2012, mtu mmoja aweza kufungua SARL (kampuni yenye dhima ya mipaka) kwenye guichet unique, ofisi moja ya kusajili kampuni. Urahisi huo ndio unaowaponza wanaoanza na muhuri kabla ya kifaa.

Kwa wanaoona tunachelewesha: E Ink, kampuni ya wino wa kielektroniki, ilitoka maabara ya chuo cha MIT mwaka 1997, wino wake ulifika kwenye kisomeo cha vitabu cha Sony mwaka 2004, na kwenye Kindle ya Amazon mwaka 2007. Miaka 10, na wao waliuza utando wa kioo tu, kisomeo wakawaachia wengine. Mwanamemba mwenye saketi nzuri ya kuchaji betri si lazima auze taa nzima. Aweza kuwauzia saketi mafundi wa sola.

Migodi tusiikimbilie kwanza. Inanunua kwa zabuni, inadai vyeti vya usalama, na kulipwa baada ya siku 60 au 90 kunaua kampuni yenye mtaji wa vifaa 100.

Wenye vifaa tayari kwa nyumba 10 wawasilishe namba na mchoro kwa katibu kabla ya mwisho wa Septemba, ili viwe ukutani mvua za Novemba zikianza. Variaki ya chama, transfoma ya kupandisha na kushusha volti, iazimwe kwa siku 3, si zaidi, na irudi na fyuzi yake.

Mwenyekiti