Kwa vijana wetu mnaosoma Japani: acheni kuvaa ugomvi wa watu

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba, ila leo sina maneno matamu.

Juzi kwenye nyama choma yetu hapa Osaka mmoja wenu kaja na tisheti ya ile bendera ya jua lenye mionzi, imejaa kifua kizima, na mezani tulikuwa na binti wa Kikorea kaalikwa na mwenzenu. Binti kaiona, kanyamaza, wali haujaiva kashaaga. Kumuuliza kijana, anacheka, eti "shangazi, si anime tu hiyo". Anime, katuni za Kijapani!

Haya sikieni. Hiyo bendera jeshi la Japani limeibeba tangu karne ya 19, ndo ilipepea Korea ilipotawaliwa na Japani 1910 mpaka 1945, ikaingia Nanjing kule China 1937, ikafika Manila na Singapore. Mjapani wa kawaida atakwambia mbona hata wavuvi wanaipandisha kwenye boti wakipata samaki wengi, na hadanganyi, hata jeshi la majini la sasa bado linaitumia. Mkorea anaona kingine kabisa. 2018 Korea Kusini waliandaa maonyesho ya meli za kivita kule Jeju, wakawaomba Wajapani wasije na hiyo bendera, Wajapani wakaona bora wasiende. Yaani nchi mbili zote marafiki wa Marekani zinashindwa kukaa bahari moja kwa sababu ya kitambaa, halafu wewe unakivaa kulia mishikaki.

Na nyie mlioko Seoul msicheke, nawaona mnavyowatukana Wajapani mtandaoni ili Wakorea wawapigie makofi. Nani kawatuma? Kama ni habari za vita hata sisi tunazo, babu zetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika Mashariki, walipelekwa Burma (siku hizi Myanmar) 1944 wakapigana na Wajapani bonde la Kabaw, mvua, matope, malaria, yote kwa ajili ya mfalme wa Uingereza. Nani anawataja leo? Shuleni tumekaririshwa Mkutano wa Berlin mpaka mwaka, Burma tukaipita mbio, ndo maana mtoto anashuka airport anaijua Asia kwa katuni peke yake. Hapo siwalaumu nyie, nawalaumu waliotufundisha wote.

Hawa majirani, Japani na Korea, wanagombana na kupatana kila siku, ukishika upande leo kesho unabaki peke yako. 1998 rais wa Korea Kusini Kim Dae-jung na waziri mkuu wa Japani Obuchi walisaini tamko la kupatana, Korea ikaanza kufungulia filamu na muziki wa Japani, 2002 wakaandaa Kombe la Dunia pamoja. Tukasema yameisha. 2018 mahakama ya juu ya Korea Kusini ikaamuru kampuni za Kijapani ziwalipe watu waliofanyishwa kazi kwa nguvu wakati wa vita, 2019 Japani ikabana kemikali za kutengenezea chipu, Wakorea wakasusa bia, nguo, mpaka safari. Haya, 2023 viongozi wamerudi mezani, na 2024 pekee Wakorea waliingia Japani zaidi ya mara milioni 8! Ulizeni sasa nani alibaki na hasira.

China nayo hivyohivyo, 2012 kwenye ugomvi wake na Japani wa kugombea visiwa watu waliingia barabarani wakavunja magari ya Kijapani, wenye magari ni Wachina wenzao.

Mengine nayataja tu. Video ya "Wajapani wamefanya hivi" usiforwadi kabla hujajua imetoka wapi, 1923 baada ya tetemeko la Tokyo uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani uliua watu kwa maelfu. Mvietnamu wa kiwandani msalimie, mpo wote ugenini. Yasukuni, lile hekalu la Tokyo la askari wa Japani waliokufa vitani, ambalo Wakorea na Wachina linawachoma, usipige selfi.

Na mkienda Hiroshima, msiishie kwenye lile jengo la kuba lililobaki baada ya bomu la atomiki la 1945 mkarudi. Humo kwenye Bustani ya Amani kuna mnara wa Wakorea waliokufa kwa lile bomu, ulijengwa 1970 ukiwa nje ya bustani, wakauingiza ndani 1999. Nendeni mkausome, na aliyeko Seoul akija likizo mpelekeni.